Joto la Jengo Namba Tisa

Ijumaa, 2 Novemba

Digrii tano sebuleni. Nimelala na kofia. Suqin, mke wangu, amelala na kofia mbili, na moja ni yangu.

Habari kubwa! Mama Ning anakuja Jumamosi ya tarehe kumi na saba kukagua nyumba ya maharusi. Tao, mwanangu, amepiga simu kutoka mjini kwa sauti ya mtu aliyekabwa shati. Amesema mama mkwe wake mtarajiwa ametoa neno moja tu: bintiye Ning haolewi ndani ya jokofu. Akikuta nyumba ina joto na jengo lina watu, posa imepita. Akikuta baridi na ukiwa, kila mtu achukue chake. Nikamwambia Tao asiwe na wasiwasi, baba yake yupo. Simu ikakatika. Nadhani ni mtandao.

Niweke kumbukumbu sawa. Miaka mitatu iliyopita niliuza nyumba yetu tuliyopewa na kiwanda cha chupa za chai nilikofanya kazi, katikati ya mji, dirishani unaiona hospitali, nikanunua mbili hapa. Mbili! Mtaa wa Viena ya Mashariki, Mji Mpya wa Yunhu. Namba 502 yetu, 501 ya Tao, milango inatazamana. Muuzaji alisema anayechukua mbili anapunguziwa bei na anapewa mwavuli. Mwavuli bado tunao. Ziwa bado halijatiwa maji. Kituo cha treni ya chini ya ardhi kimekamilika, kizuri, marumaru tupu, katikati ya shamba la mahindi. Treni ndiyo bado. Mambo mazuri hayataki haraka.

Suqin alitaka tubaki karibu na dada yake na daktari wa magoti yake. Halalamiki sana. Mara moja tu kwa siku.

Jumamosi, 3 Novemba

Nimekwenda ofisi ya joto, inayopitisha maji ya moto kwenye mabomba ya majengo. Msichana nyuma ya kioo amenieleza utaratibu. Jengo letu lina nyumba ishirini na mbili. Zikijiandikisha kumi na moja, wanafungua koki na joto linapanda hadi juu. Zikiwa kumi, koki haiguswi na kila mtu ajifunike anavyojua. Mwisho wa kujiandikisha, Jumatatu ya tarehe kumi na mbili.

Nikauliza mpaka sasa tumejiandikisha wangapi. Akatazama kompyuta. Wawili, akasema. Nikauliza kina nani. Akasema, "Wewe wa 501. Na wewe wa 502."

Si mwanzo mbaya.

Jumatatu, 5 Novemba

Mlinzi wa geti amenipa orodha ya wenye nyumba kwa pakiti mbili za sigara. Nimepiga simu siku nzima.

Bwana mmoja wa Wenzhou ana nyumba kumi na nne katika miji sita. Akaniuliza kama hii ya hapa ina madirisha. Nikamwambia inayo. Akafurahi sana, akaaga. Mama mmoja akauliza kama bei imepanda. Nikamwambia hakuna wa kumuuliza. Akaanza kulia, nikamfariji nusu saa kwa simu yangu mwenyewe. Wa tatu akashikilia kwamba yeye alinunua nyumba ya ufukweni. Nikamweleza kwamba ziwa lipo, shimo lake lipo. Akanitukana.

Waliojiandikisha: hakuna. Sielewi. Watu wana nyumba halafu hawataki ziwe na joto.

Orodha ina nyumba nane ambazo simu zake zimefutwa kwa wino. Mlinzi anasema hizo ziliuzwa masika yaliyopita, kwa mkupuo, na wenyewe hawapendi usumbufu. Nazijua. Mapazia mazito, hayafunguliwi. Nyuma ya pazia kuna taa ndogo nyekundu, mchana na usiku. Nilidhani ni mtindo mpya wa mjini.

Jumanne, 6 Novemba

Mwalimu Pang! Ghorofa ya tatu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na tano na hajapona. Ukitoa sisi, ni yeye na mkewe tu wanaolala humu. Ungedhani tungekuwa ndugu. Hatujasemezana vizuri tangu alipochukua tuta la maua la kusini, lenye sanamu ya Mzungu anayepiga fidla, akapanda kabichi. Tuta la kusini ni langu. Nililiona kwanza.

Nimemwomba ajiandikishe. Amekataa. Anasema ana jiko la makaa ya mawe na falsafa. Akaongeza kwamba nyumba zangu zina mkosi: nne hutamkwa karibu sawa na kifo, ndiyo maana jengo halina ghorofa ya nne, limeruka kutoka tatu kwenda tano, kwa hiyo ya tano ndiyo ya nne iliyojificha. "Hesabu ngazi, Geng," akasema. "Namba nne haidanganyiki."

Nimehesabu ngazi. Sitaandika jibu.

Jioni Suqin alikwenda kucheza dansi uwanjani. Uwanja umejengwa kwa watu elfu tano. Wapo yeye na mke wa Pang, na spika. Wanajipanga mistari miwili.

Alhamisi, 8 Novemba

WATU!

Leo ni siku ya nguo za baridi, tarehe mosi ya mwezi wa kumi kwa kalenda ya wazee. Asubuhi nilikwenda njia panda kumchomea marehemu baba yangu koti la karatasi na suruali yake, maana na wao huko waliko wanaingiwa na baridi. Narudi, nakuta magari! Saba, nane, tisa! Yameegeshwa mbele ya jengo namba tisa! Familia zinashuka na machungwa, maua, chupa za pombe kali. Bibi mmoja kabeba kiti kidogo cha kukunja. Nilitokwa na machozi. Wamehamia! Mji umeanza!

Nikakimbilia fomu za joto. Nikasimama mlangoni mwa lifti na kumkaribisha kila mmoja. Nikawasifu kwa kuvaa nguo nyeusi, zenye heshima. Hawakuelewa, naona. Walinitazama kama mtu aliyeingia harusini na koleo. Mmoja, Bwana Xie, mpole, ana miwani, wa 801, aliipokea fomu kwa mikono miwili, akanipa namba yake ya simu, akasema atanipigia.

Saa kumi jioni wote wakawasha moto njia panda, wakachoma makoti yao ya karatasi, wakainama mara tatu. Watu wenye adabu! Wanawakumbuka wazee wao.

Saa kumi na moja wakapanda magari yao wakaondoka. Wote.

Nimechanganyikiwa. Mtu gani anahamia saa nne na kuhama saa kumi na moja?

Ijumaa, 9 Novemba

Pang amenieleza. Kwa furaha kubwa. Alikuwa anajua tangu masika!

Hawakuhamia wao. Waliohamia ni wazazi wao. Majivu ya wazazi wao! Kaburi mjini sasa, mita moja ya ardhi, bei yake inashinda nyumba nzima hapa Yunhu, na kaburi lenyewe ni la kukodi miaka ishirini. Basi watu wamepiga hesabu. Wananunua nyumba, wanaweka meza, picha, chungu cha majivu kilichofunikwa kitambaa chekundu, wanafunga pazia. Mzee anapata vyumba viwili na roshani.

Nikampigia Bwana Xie ili akanushe. Hakukanusha. Aliomba radhi kwa sauti ya chini, akasema marehemu baba yake alikuwa mtu mtulivu, hatatusumbua.

Nyumba nane! Juu yetu wapo, chini yetu wapo. Nimeishi nao miezi saba. Nimewasalimia kwenye lifti watu ambao hawakuwemo.

Nilimwambia Suqin nikitegemea atazimia. Akasema alikuwa anajua, mke wa Pang alishamwambia. Kwa nini hukuniambia? Akasema aliogopa nitapata wazo.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimepata wazo.

Sikulala. Nilikaa nikiitazama fomu ya ofisi ya joto. Inauliza namba ya nyumba, jina la mwenye nyumba, sahihi. Niliisoma mara nne, mbele na nyuma. Haiulizi mahali popote kama anayekaa ndani anapumua.

Nikampigia Bwana Xie tena. Nikasema hivi (naandika kwa sababu nilisema vizuri): Alhamisi uliacha kazi, ukaendesha gari kwa saa mbili, ukamchomea baba koti la karatasi ili asipate baridi. Vizuri. Koti la karatasi moto wake ni dakika tano. Mimi nazungumzia miezi minne. Mzee amekaa kwenye chumba cha digrii tano na wewe unalala kwenye digrii ishirini na mbili. Usingizi unakupitia?

  Akasema kwa shida kwamba baba yake alikuwa na mapafu mabovu na kila majira ya baridi alilala amekaa kitini.

Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Kumbe Bwana Xie ndiye kiongozi wa kundi lao. Walinunua wote wanane pamoja ili wapunguziwe bei! (Sikuuliza kama walipewa miavuli.) Akasema atazungumza nao kwenye simu.

Jumapili, 11 Novemba

Wote wanane wamekubali. Hakuna hata mmoja aliyebisha. Mama wa 602 amelipia na kuuliza kama kuna huduma ya maji ya moto pia.

Nane na zangu mbili ni kumi. Kumi! Natakiwa kumi na moja.

Amebaki aliye hai.

Jumatatu, 12 Novemba

Pang alijua nakuja. Alikuwa ameshachemsha chai.

Masharti yake: tuta la kusini ni lake daima, pamoja na Mzungu wa fidla. Tuta la mashariki tunagawana. Na niandike kwa mkono wangu kwamba kabichi zake ni kubwa kuliko zangu. Nikasema nitaandika ni sawasawa. Akajimiminia chai. Nikasema kubwa kidogo. Akatazama saa. Ofisi inafungwa saa kumi na moja na basi ni moja tu kila saa.

Nikaandika. Akasahihisha herufi mbili kwa kalamu nyekundu kisha akatia sahihi fomu.

Nilifika ofisini zikiwa zimebaki dakika sita. Msichana akahesabu mara mbili. Kumi na moja. Akasema hongera, mtaa wenu unakua.

Jumanne, 13 Novemba

Siku ya kujaribu maji. Wanajaza mabomba yote, na kila nyumba lazima awepo mtu wa kutazama kama panavuja. Familia zimeacha funguo kwa mlinzi anipe mimi. Suqin akasema yeye haingii. Nikaingia peke yangu na ndoo na tochi.

Sikujua mtu anasemaje. Kila mlango niligonga kwanza. Nikasema hodi, samahani wazee, ni Geng wa 502, nimekuja kwa ajili ya mabomba. Ndani, meza, machungwa, taa mbili nyekundu za umeme, picha. Picha zote zilikuwa zinanitazama mimi. Kwa 602 nilivua viatu. Sijui kwa nini.

Kwa 801 bomba lilikuwa linavuja! Hatua mbili kutoka kwa marehemu mzee Xie! Nikaziba kwa kidole gumba, nikampigia fundi, akasema anakuja. Alichukua saa moja na dakika kumi. Saa moja na dakika kumi nimepiga magoti, kidole kwenye chuma, macho kwa macho na mzee Xie. Ana masikio makubwa. Nikaanza kuzungumza. Nikamweleza habari za Tao, za Mama Ning, za kiwanda. Nikamweleza kwamba nyumba hizi nilizinunua kwa nia njema. Nilidhani watu wangejaa, Suqin angepata marafiki, wajukuu wangekimbia ukingoni mwa ziwa. Sikuwahi kumwambia mtu hayo.

Fundi alipofika akauliza nazungumza na nani. Nikasema na simu.

Alhamisi, 15 Novemba

JOTO! Saa mbili na robo asubuhi bomba la sebuleni likaguna, likakohoa, likapata moto. Digrii kumi na tisa kufikia adhuhuri. Suqin akavua kofia zote mbili. Akakaa sakafuni, ameegemeza magoti yake kwenye bomba, amefumba macho. Kwa siku nzima ya leo hajamtaja dada yake.

Nikasikia Pang, huko ghorofa ya tatu, anaimba. Haimbi vizuri.

Ijumaa, 16 Novemba

Joto ninalo. Sasa nahitaji watu.

Mama Ning si wa kuchezea. Alikuwa konda wa basi miaka thelathini. Alikuwa anamjua asiye na tiketi kwa mgongo tu. Kwa hiyo nimejipanga. Moja, nimemwambia Tao amwambie kwamba majirani zetu ni wazee, wapole, hawapigi kelele, wanalipa kwa wakati. Yote ni kweli. Pili, nimetundika nguo kwenye roshani za nyumba zote nane, ionekane kuna maisha. Nguo zangu hazikutosha, nikachukua za Suqin. Tatu, redio ndani ya 801, opera ya zamani, sauti ya wastani. Nne, sufuria ya supu ya mbavu kwenye kila korido.

Suqin akaniuliza kama si afadhali tumwambie mgeni ukweli. Nikamwuliza ukweli gani. Akahesabu kwa vidole. Nikatoka kwenda kuangalia supu.

Jumamosi, 17 Novemba



Walishuka kwenye basi saa nne: Tao, Ning, na Mama Ning na mkoba wake. Mfupi, mnene, macho kama sindano. Alisimama mbele ya jengo akatazama juu muda mrefu. Nikadhani anapenda. Kisha akauliza kwa sauti ya upole ni kwa nini bwana mwenye suruali ya ndani ya buluu yenye kiraka gotini anaishi ghorofa ya pili, ya sita, ya kumi na ya kumi na moja.

Nikasema ni mtindo, wazee wa hapa wananunua duka moja. Akatikisa kichwa polepole. Tao alikuwa anatazama viatu vyake.

Lakini ndani ya 501! Digrii ishirini na moja! Akavua koti. Akashika bomba, akashika ukuta, akamshika na mwanangu shavuni. Akala jiaozi kumi na nane za Suqin, zile za unga zilizojazwa nyama. Nikaona posa imepita. Nikaona wajukuu.

Ndipo akasema kwamba kwao mtu hakubali nyumba kabla hajawasalimia majirani, na amekuja na makopo ya chai. Nikasema wamelala. Akasema saa saba mchana? Nikasema ni wazee. Akasema anasikia opera huko juu, aliyelala hasikilizi opera. Akaingia kwenye lifti. Kwa magoti ya umri wake anakwenda kasi sana.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia ghorofa ya nane.

Akagonga 801. Opera ikaendelea. Akagonga tena, akaita, "Baba! Baba mwenye nyumba!"  Uso ukambadilika. Akasema huyu mzee ameanguka. Redio inalia na hajibu, yuko chini sakafuni, na nyinyi mmesimama! Akaanza kuusukuma mlango kwa bega. Nikasema hajaanguka. Akauliza najuaje. Nikasema najua tu. Akamwambia Tao alete shoka.

Nikatoa ufunguo. Akaniuliza kwa nini nina ufunguo wa mzee wa watu. Nikafungua.

Meza. Machungwa. Taa mbili nyekundu. Mzee Xie na masikio yake. Chungu ndani ya kitambaa. Opera.

 Ning akamshika Tao mkono. Suqin akazima redio. Mimi nikaweka macho kwenye kiungo cha bomba, pale nilipoziba kwa kidole. Hakivuji tena. Nikajisemea kwamba hicho angalau nilikifanya vizuri.

Mama Ning akauliza, majirani wote wako hivi? Nikasema wote wanane. Ni nani aliyewalipia joto? Nikasema watoto wao. Nani alifikiria hilo? Nikasema mimi, lakini kwa ajili ya harusi, samahani.

Akasogea, akaweka kiganja kwenye bomba. Akakiacha hapo. Kisha konda wa miaka thelathini akakaa sakafuni na kulia kwa sauti.

Baba yake Ning alifariki miaka mitatu iliyopita. Kaburi hawakuliweza. Yuko kwenye ukumbi wa kuhifadhia majivu nje ya mji, rafu ya saba, juu kabisa. Kumwona, Mama Ning anaazima ngazi kwa mhudumu na anapewa robo saa. Hakuna dirisha. Hakuna joto. Siku ya nguo za baridi alichoma koti kwenye maegesho ya magari kwa sababu ukumbini hawaruhusu moto. Marehemu alikuwa dereva wa basi hilohilo lake. Miaka ishirini na sita alikuwa akimwashia injini mapema ili akipanda akute viti vina moto.

Sikujua nifanye nini. Hii ni nzuri au ni mbaya? Nikamletea supu.

Akanywa. Akajifuta uso. Akauliza 501 inapata jua la asubuhi? Nikasema mpaka saa tano. Inaruhusiwa kupigilia msumari ukutani? Nikasema ni nyumba yetu, pigilia. Basi, akasema, nyumba nimeikubali.

Jumapili, 18 Novemba

Bado najaribu kuelewa. Tao amenieleza mara tatu.

Posa imepita. Harusi ni masika. Ila 501 ataingia baba mkwe wa Tao, yule marehemu. Maharusi watapanga chumba mjini karibu na kazi zao, na kumbe walishakitafuta tangu kiangazi. Nikauliza, sasa mimi nimeozesha au nimepangisha? Tao akasema vyote viwili, baba, na akacheka. Sijasikia kicheko chake tangu nilipomwonyesha mwavuli.

La ajabu zaidi: Mama Ning amekataa mahari. Amesema pesa tulizomwekea zitumike kumpangia Suqin chumba karibu na dada yake na daktari, walau miezi ya baridi, maana mwanamke hawezi kucheza dansi miaka yote katika uwanja wa watu elfu tano na mke wa Pang.  Suqin alikwenda jikoni akafungulia maji. Yalitiririka muda mrefu na hakukuwa na chombo cha kuosha.

Chumba kimeshapatikana. Dirishani unaiona hospitali. Mwenye chumba anasubiri tulipe mpaka tarehe kumi Desemba.

Jumapili, 2 Desemba

Tumemhamisha mkwe. Kalenda ilisema ni siku njema. Mama Ning alimpakata njia nzima kwenye basi na alimkatia tiketi. Tukamweka sebuleni, upande wa jua. Bwana Xie alikuja na machungwa, akaniinamia mbele ya watu wote, akasema kwa sababu yangu baba yake mwaka huu amelala amenyooka. Hata Pang alikuja. Alileta kabichi. Ilikuwa kubwa, sikatai, nilishaandika.

Asubuhi na jioni navuka korido na kumtembelea mkwe. Nampangia sataranji, nacheza pande zote mbili. Hana neno. Katika ukoo mzima ni mtu pekee ambaye hajawahi kuniuliza kwa nini nilinunua nyumba hapa.

Ijumaa, 7 Desemba

Nilikwenda mjini benki kutoa pesa za chumba cha Suqin. Pesa nikazipata. Nje ya benki palikuwa na hema, puto, na msichana mwenye koti jekundu anagawa mayai ya bure. Nilikwenda kwa ajili ya yai tu.

Naapa.

Mji mpya kabisa! Kusini kabisa, pwani. Mtaa unaitwa Parisi ya Mawimbi. Bahari imeshatiwa maji. Majengo arobaini, ghorofa thelathini na mbili kila moja, na hajahamia hata mtu mmoja, yaani mtu bado anaweza kuchagua! Sikuwa mjinga kama miaka ile. Safari hii niliuliza swali la mtu mwenye uzoefu. Nikauliza: ili joto lifunguliwe, zinahitajika sahihi ngapi?

Akasema kule hakuna joto la mabomba. Kule hakuna baridi mwaka mzima.

Hakuna sahihi hata moja! Hakuna Pang! Nikalipa arubuni papo hapo, pesa yote niliyotoa benki. Nyumba tatu. Anayechukua tatu anapewa begi la safari.

Suqin ameshafunga vitu vyake kwenye maboksi mawili tangu Jumanne. Aliponiona na begi alifurahi, akasema nimefanya vizuri, maboksi hayatoshi. Sasa anapanga soksi ndani yake. Anaimba. Sikupata nafasi ya kumweleza.

Nimevuka korido nikamweleza mkwe, kila kitu, kuanzia kwenye yai. Nikamwuliza kama nimekosea. Nikasubiri. Bomba liliguna kidogo, basi. Hakupinga. Na kunyamaza, wazee walisema, ni kukubali.